Jina Lililotangazwa Mara Mbili

Angetile alifanya kazi yake amelala, na kwa hilo watu wa Lusungo walimcheka mpaka wakazoea. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umekalia mashamba ya chai, alijinyoosha kwenye mkeka katika banda la zamani la kukaushia majani, akajifunga kipajini kitambaa chenye nyuzi za shaba, akafumba macho nusu. Hapo tena si usingizi wala si kuwa macho. Ni pale katikati, mtu anaposikia kuku wakiparua nje na papo hapo anaona mto unapita chumbani kwake bila kulowesha kitu. Ndipo Mfasiri alipomwonyesha makosa ya watu.

Siku hiyo alimwonyesha mlango mmoja. Mtoto mdogo na mwanamume mrefu walikuwa wamesimama mbele yake, kila mmoja akimpisha mwenzake, na kwa adabu hiyo hakuna aliyepita. Kutoka ndani sauti ya mwanamke iliita, "Ipyana!" na wote wawili wakaitika.

Angetile alifungua macho, akabaki anatazama mabati. Alikuwa akilijua kosa hilo tangu alipokuwa mwanafunzi. Jina limetangazwa mara mbili. Kwa kawaida ni kosa la kutengenezwa kabla chai haijapoa, lakini hili lilimtia wasiwasi.

Mfasiri alikuwa mtambo, usije ukadhani ni mtu. Kazi yake ilikuwa kuyachukua maneno ya kawaida, yale mtu anayoyasema amekaa kwenye kigoda na kikombe mkononi, na kuyageuza amri ambazo ukungu unazielewa. Maana ukungu wa Lusungo ulikuwa umepandwa chembe ndogo zisizoonekana, kila chembe imebeba tone lake, na zikiamriwa vizuri husimama pamoja zikawa umbo la mtu. Mtu akifariki, familia yake ilimweleza kwa Mfasiri, na alfajiri ya kuondoa matanga marehemu alikuja, akatembea, akasalimia, akazungumza kidogo, mpaka jua likamla. Mara moja tu. Chembe zikishambeba mtu huchakaa, na hata kama zisingechakaa, mji ulikwisha kataa mara ya pili, kwa sababu wa kwanza kupewa ruhusa hiyo, kwa chembe mpya, waliacha hata kulima wakingoja alfajiri.

Sasa, maneno ya wafiwa yana makosa mengi. Mtu anasema baba alikuwa mfupi, kisha anasema alichuma maparachichi bila ngazi. Mfasiri akikwama hapo hutoa ujumbe wa kosa, na zamani ujumbe huo aliutoa kihandisi, mkavu, bila hata hodi. Mzee mmoja wa mtaa wa Mlimani alimweleza marehemu baba yake kwa muda mrefu lakini akasahau kumtambulisha mwanzoni, akajibiwa: "Kosa: baba hajulikani." Yule mzee aliteremka na panga kumtafuta aliyemtukana mama yake. Wahandisi walijifungia stoo mpaka akapewa maji ya kunywa na watu wazima wenzake.

Baada ya hapo ndipo wakubwa wa kituo cha Mfasiri walipokumbuka jambo ambalo kila mtu pale alilijua. Lusungo huambiwi umekosea na mtu yeyote isipokuwa mtani wako. Watu wa Mlimani na watu wa Bondeni waliwahi kupigania chemchemi moja mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani. Mtani ndiye anayekuja msibani kwako, akavaa koti la marehemu, akatembea kama yeye, akasema mbele ya kadamnasi kwamba marehemu alikuwa mvivu wa kuoga. Nawe unacheka huku machozi yanakutoka, na huna la kumfanya.

Angetile alikuwa wa Bondeni, kwa hiyo makosa yote ya Mlimani yalipita mikononi mwake. Ujumbe wake ulieleza kosa liko wapi, ni la namna gani na litengenezwe vipi, kama ujumbe wowote wa maana, ila ulifika kwa sauti yake mwenyewe na kwa ufedhuli wa kiutani. Siku hizi mtu aliyesahau kumtambulisha baba yake aliambiwa, "Mtani, huyu baba yako umemwokota njiani? Hebu mtaje jina kwanza, mwanzoni kabisa, kabla hujaanza kutusifia pua yake." Watu walicheka, wakatengeneza. Wengine walikosea makusudi ili wamsikie.

Alifumba macho tena, akamwomba Mfasiri amwonyeshe mahali. Kosa la namna hii lina sehemu mbili, pale jina lilipotangazwa upya na pale lilipokuwa limekwisha tangazwa. Akaona mwanzo wa maelezo ya Mama Subilaga, aliyekuwa amefiwa na mwanawe, Ipyana, seremala aliyeanguka kutoka kenchi la paa. Mama alianza vizuri. Mrefu, anainama akipita mlangoni, kazi yake mbao. Halafu, katikati ya sentensi na bila mwenyewe kujua, akaingia kwa mwingine. Anaimbia kuku. Anashika kijiko kwa mkono wa kushoto, nilimkanya mpaka nikachoka. Akicheka anakaa chini. Nywele zake zinanuka moshi. Analala ameshika sikio langu. Na hivyo, ukurasa baada ya ukurasa, kwa utamu ambao ulimfanya Angetile asahau kwamba yuko kazini.

Chini yake makosa mengine yalikuwa yamerundikana, kosa la mkono, la sauti, la viatu. Hayo hakuyajali. Kila fundi wa ujumbe anajua kwamba kosa moja la juu huzaa utitiri wa makosa chini yake, na ukimmwagia mtu yote kwa pamoja atazimia bure. Unamwonyesha la kwanza. Na la kwanza lilikuwa hili, kwamba Mama Subilaga aliwahi kuwa na mtoto aliyeondoka na homa akiwa na miaka minne, na aliyezaliwa baada yake akapewa jina lake, kama Mlimani wanavyofanya siku zote. Hakuna ubaya katika hilo. Mlimani nzima imejaa watu wanaobeba majina ya ndugu zao waliotangulia, na Mfasiri hajawahi kulalamika, kwa kuwa mama zao wakiwaeleza huwaeleza wao. Mama Subilaga alitakiwa kumwita mwanawe mkubwa, yule wa pili aliyefikia utu uzima, na mdomo wake ukamwita mdogo, yule wa kwanza aliyefia utotoni.

*

Bwana Gwakisa, mkuu wa kituo, alisikiliza huku akikoroga uji wake, akasema hilo halina hata haja ya kikao. Kosa likishushwa likawa onyo, Mfasiri ataendelea na kazi. Atachukua ya mkubwa pale yalipo, na palipo na pengo atajaza kwa ya mdogo. Onyo lenyewe litaandikwa mahali pake, na tangu lini mtu akasoma onyo? Mama atafurahi, na matanga yataondolewa keshokutwa kwa amani. Aliongeza kwamba mama huyo moyo wake si mzima, na kituo hakitaki kusingiziwa kifo chake.

Hakuwa mtu mbaya, Bwana Gwakisa. Tena hoja yake ilikuwa na uzito, na Angetile aliizungusha kichwani akiwa amelala pale pale, nusu ndotoni. Alimwona mtu ambaye angekuja. Mwanamume mrefu, mabega mapana, anawaimbia kuku, anacheka mpaka anakaa chini, anamtafuta mama yake amshike sikio. Mama Subilaga analia kwa furaha. Na pembeni yake amesimama Bupe, mke wa marehemu, anamtazama mumewe na hamjui. Hiyo ndiyo ingekuwa asubuhi pekee ya marehemu. Wafu hawaji kulalamika kituoni. Mtu angeweza kubadilishwa siku ya matanga yake mwenyewe na mji wote ukapiga makofi.

Upande wa pili kulikuwa na mama mgonjwa wa moyo, na maneno ambayo mtu timamu hamwambii mama yeyote.

Aliamua kujaribu njia yake aliyoizoea. Alitunga ujumbe, akaufuta, akatunga tena, mwishowe akaupeleka hivi: "Mtani, umeniletea wanaume wawili ndani ya shati moja. Mmoja ana miaka minne, mwingine anagonga kichwa kwenye mlango. Hilo shati litachanika. Mpe mmoja jina lingine, kisha utueleze vizuri huyo mrefu."

Jibu lilirudi upesi. Mama Subilaga alikuwa amecheka mpaka akakohoa. Alisema mtani wake ana wazimu, kwamba watoto wote wa Mlimani ni wakubwa kwa kimo na wadogo kwa akili, na wa Bondeni hata kimo hawana. Kisha akasema, "Endelea." Hakuelewa hata chembe. Utani ulikuwa umelifunika kosa vizuri mno, na kosa likapita chini yake bila kuonekana. Angetile aliyekuwa akijivunia ustadi huo siku zote, siku hiyo aliuonea aibu.

Mfasiri hakuendelea. Sheria ya kituo ilisema mwenye msiba akishaitika, aliyetunga ujumbe naye lazima aridhie kwamba umeeleweka. Neno moja tu lilibaki ili kosa ligeuke onyo, na lilikuwa la Angetile. Bwana Gwakisa alipita mlangoni, akaona amekaa kitako badala ya kulala, akamwambia aridhie waende wakale. Angetile alivua kitambaa cha shaba, akakikunja, akapanda Mlimani kwa miguu.

*

Mama Subilaga alikuwa uani akichambua maharage kwenye ungo, na Bupe akimimina maji kwenye pipa. Mama alipomwona Angetile kwenye uzio alianza kucheka kabla hata hajamkaribisha, akasema wezi wa chemchemi wamefika, ficheni ndoo. Hapo Angetile alitakiwa kujibu kwamba ndoo zenyewe zimetoboka kama vichwa vya wenyewe. Badala yake alivua viatu, akapiga goti mbele ya ungo, akasema, "Shikamoo, mama."

Mkono uliokuwa ukichambua ukasimama. Kwa umri, Angetile alipaswa kumwamkia mwanamke huyo kila walipokutana. Kwa utani, hajawahi kufanya hivyo hata mara moja. Mtani anayekuamkia kwa heshima ni mtani aliyebeba jambo zito.

"Nani amekufa tena?" Mama Subilaga aliuliza.

"Hakuna, mama. Nimekuja bila utani kwa sababu ule niliokutumia haukufika."

Akamweleza, bila kupamba. Kwamba katika maneno yake mna watu wawili wanaoitwa Ipyana. Kwamba wa miaka minne amejaa mpaka kucha za vidole, na yule aliyefiwa naye juzi ni kimo na kazi tu. Kwamba akiitwa hivi hivi, atakayekuja atakuwa mtu wa kuazima, mwili wa huyu na roho ya yule. Alipomaliza, ukungu wa mchana ulikuwa ukishuka polepole kwenye migomba.

"Unaniambia sikumjua mwanangu," Mama Subilaga alisema.

"Nakuambia hukumweleza, mama."

"Si ni kitu kilekile?"

Angetile alitamani kukataa. Kooni palikuwa na majibu mazuri matatu au manne, yote laini, yote ya uongo kidogo. "Ndiyo, mama," alisema. "Ni kitu kilekile."

Basi akatukanwa. Na safari hii hayakuwa matusi ya kiutani. Mama Subilaga alitaja chemchemi kama vile ilipiganiwa jana, akataja watu wa Bondeni na mama zao, mkono wake ukiwa kifuani. Angetile aliogopa kweli kweli, si matusi bali ule mkono, akamsihi Mungu kimyakimya asimfanye muuaji. Lakini hakuinuka.

Bupe ndiye aliyeweka ndoo chini. Tangu msiba uanze hakuna aliyemwuliza kitu, kwa kuwa Mlimani mama ndiye anayemsemea mwana, na mke hupewa nafasi muda ukibaki. Akaja akakaa kwenye ardhi, karibu na ungo.

"Mama, naomba niseme," alisema. "Alipokuja hapa kwako, kikombe alikishika kwa mkono wa kushoto. Nyumbani kwetu sikuwahi kumwona anatumia huo mkono hata kufukuza nzi. Nilimwuliza siku moja. Akaniambia, mama anapenda."

Mama Subilaga aliutazama mkono wake mwenyewe, akauondoa kifuani, akauweka juu ya maharage. Aliposema, alisema kwa sauti ya mtu anayesimulia ndoto kabla haijamtoka.

"Huyu wa pili alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kula mwenyewe," alisema. "Siku moja akashika kijiko kwa kushoto. Nilimkumbatia, nikalia, nikamwita, nikamwita. Nilidhani mwenzake amerudi."

"Naye akadhani ndivyo unavyomtaka," Bupe alisema, na hakusema kwa ubaya.

Hapo wote watatu walilia, na hakukuwa na mtani wa kuwachekesha, maana mtani mwenyewe alikuwa analia kuliko wenye msiba. Walipojifuta, Angetile alirudi kwenye kazi iliyomleta, kwa kuwa kosa lilikuwa bado liko pale pale. Alisema Mfasiri hapokei watu wawili kwa jina moja. Mmoja lazima aliache. Nani aliache, hilo halikuwa la mtambo wala la kituo.

Mama Subilaga alisema ni kumnyang'anya maiti sanda. Akasema pia kwamba jina lile alilichagua akiwa na mimba ya yule mdogo, alilichagua kwa ajili yake. Huyu mkubwa alimvisha tu, kama nguo ya ndugu ambayo bado ni nzima. Miaka yote hakuwahi kumwuliza kama inambana.

"Nyinyi mlimwitaje?" alimwuliza Bupe.

Bupe aliona haya. "Taratibu, mama. Ni jina la karakana tu. Wenzake walimcheka anavyopiga randa, akazoea, hata mimi nikazoea."

"Nimewahi kulisikia," alisema Mama Subilaga. "Walikuwa wakiita barabarani, nikadhani wanamwita mtu mwingine."

Angetile alimwambia kwamba yule mdogo naye ana haki ya asubuhi yake, hajawahi kuitwa, na mama akitaka wanaweza kumwandalia siku nyingine. Mama Subilaga alitikisa kichwa. Huyo hakuwa na haja ya kumwita, alisema, huyo yupo. Kisha akausogeza ungo pembeni, akakung'uta mkeka, akamshika mkwewe mkono.

"Njoo ukae hapa juu, mwanangu. Niambie alikuwaje."

*

Alfajiri ya kuondoa matanga, ukungu uliteremka mzito mpaka nyumba za jirani zikapotea. Watu walisimama wamejifunika mablanketi. Angetile alisimama nyuma kabisa. Mfasiri hakuwa na kosa la kuripoti tena, wala onyo, na yeye hakuwa na kazi yoyote pale ila kutazama.

Alitokea upande wa shamba la msonobari. Mwanzoni ulikuwa weupe mmoja ndani ya weupe mwingine, kisha mabega, kisha mwendo, mwendo wa mtu ambaye haoni sababu ya kukimbia. Bupe alitoa sauti ndogo, akajiziba mdomo kwa khanga. Mtu yule alikuwa akitazama huku na huku kama mgeni anayetafuta nyumba aliyoelekezwa.

Mama Subilaga alisogea mbele. Midomo yake ilicheza, na wote waliokuwa karibu waliona jina lililozoea kutoka likifika mlangoni mwa meno, likirudishwa.

"Taratibu," aliita.

Mtu wa ukungu akageuka mzima mzima, akaja, akainama mbele yake. Akamwamkia. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliye chumba cha pili. Mama Subilaga aliitikia, halafu akasimama pale na mdomo wazi. Aliyezaa, akanyonyesha, akalea, hakuwa na swali hata moja la kumwuliza, na asubuhi ilikuwa inapita. Akamgeukia Bupe.

"Anapenda kuulizwa nini?" alinong'ona.

"Mwulize habari za mbao, mama."

Mama Subilaga akamgeukia tena mwanawe, akajiweka sawa, kama mtu anayeanza mazungumzo na mgeni ambaye angependa arudi.

"Habari za mbao, baba?" aliuliza.

Na Taratibu akaanza kueleza. Alieleza jinsi mbao mbichi inavyodanganya, inavyojifanya imenyooka mpaka ukishaipigilia. Alieleza namna ya kuinusa, na kwa nini hupaswi kuiharakisha. Hakuwa msemaji, alirudiarudia, akasimama katikati ya sentensi kutafuta neno, na mama yake hakumsaidia kulitafuta, alingoja. Jua lilikuwa limekwisha fika kwenye paa. Lilipoanza kumla kutoka miguuni, Mama Subilaga alisogea karibu zaidi, akainamisha kichwa asikie, na alikuwa bado anasikiliza.